Suruali ya Zambarau Mbele ya Mama Mkwe

Leo naweza kucheka nikiwasimulia, lakini siku ile niliomba sakafu ya ukumbi ule wa Lubaga inimeze pamoja na ile suruali, usibaki hata uzi wa ushahidi.

Mimi ni Mkenya niliyehamia Kampala, na nilikuwa nimeachishwa kazi ya kuuza mabati kule Katwe, na mke wangu Nassali sikuwa nimemwambia (msiniangalie hivyo, niliogopa), kwa hiyo kila asubuhi nafunga tai, naagana naye, naenda kuketi mahali mpaka jioni nikijiona sifai kwa lolote. Ndipo nikasikia kuna darasa la yoga la msimu wa sikukuu, bure, nikajiunga, na kweli nikaanza tena kuamka na hamu, hata nikapiga simu kuulizia kazi. Ila nguo ya mazoezi sikuwa nayo. Basi asubuhi moja nikachomoa suruali ya Nassali, ya zambarau, ya kubana, nikaificha kwenye mkoba wa kazini. Nani atanijua?

Nikachagua pembe ya nyuma kabisa. Mwalimu Akello, binti wa mwanajeshi, hufundisha kama yuko kwenye gwaride: "Mikono chini! Matako juu! Wewe Mkenya, juu zaidi!"

Nikainua. Nikiwa nimeinama hivyo, katikati ya miguu yangu nikamwona mtu aliyechelewa akitandika mkeka nyuma yangu. Mama yake Nassali! (Baadaye nilijua daktari ndiye aliyemtuma, kwa sababu ya magoti.)

Sisi tuliooa Buganda tunajua: wewe na mama mkwe hamgusani, hamkaribiani, hata salamu ni kwa mbali, uso pembeni. Na mimi nilikuwa nimemwinulia, malizieni wenyewe, tena ndani ya suruali aliyomnunulia bintiye. Nassali angeweza kuisamehe kazi iliyopotea, lakini uongo wangu akiusikia kwa mama yake, ndoa imekwisha. Nikajifunika taulo kichwani.

"Sasa wawili wawili!" Akello akaita. "Mgongo kwa mgongo! Mkenya, chukua huyo mama!"

Nikasikia hatua zake zinakuja. Nikaruka pembeni, mkeka ukateleza, nikaanguka chali karibu kabisa na miguu yake, na taulo likaenda zake.

"Banange! Jamani!" Mama mkwe akavuta leso usoni, akageuka ukutani.

"Mnajuana?" Akello akauliza.

Mama mkwe akamjibu yeye, kana kwamba mimi sipo. "Mwalimu, ambia huyo mtu mimi hapana ona yeye hapa. Lakini sasa ni saa ya kazi. Kama kazi iliisha, mtoto yangu asikie kutoka mdomo yake, leo. Na suruali arudishe."

"Umesikia?" Akello akaniuliza.

"Mwambie nimesikia."

Nikaenda nyumbani mchana, nikamwambia Nassali yote. Aliikunja ile suruali polepole, kisha machozi yakamtoka. "Kumbe kila siku nilikuwa nakupigia pasi shati la kwenda kukaa?"

Hilo liliniuma kuliko kuanguka. Yoga sijaacha, ila naenda siku ambazo mama mkwe haendi, na kaptura yangu mwenyewe. Na shati la kutafutia kazi napiga pasi mimi.