Ng'ombe Aliyekula Ukuta Wetu

Hasira zangu wakati ule zilikuwa karibu, na mdomo ndio haufungi. Kwa hivyo niliposikia mwanzo wa wimbo mpya wa rafiki yangu unapigwa mluzi chumba cha pili, niliruka.

"Wezi nyinyi! Tungeni wa kwenu!"

Wakacheka tu.

Hapo Garsen tulifanyia mazoezi kwenye ghala kuukuu lililogawanywa kwa ukuta wa fito na udongo, na udongo wenyewe umebanduka. Upande huu sisi na gambusi letu la nyuzi, upande ule kundi jingine la muziki. Sote tumealikwa arusi moja Idsowe, ya dada yake rafiki yangu. Wimbo alimtungia huyo dada. Wale wakitangulia kuupiga, nani ataamini ni wake?

"Niachie mimi," nikamwambia.

Kuzuia sauti sikufundishwa na mtu. Lakini mtu akijifunika blanketi kichwani, si hasikii? Basi ukuta nao nikauvika. Mpunga ulikuwa umevunwa, nikabeba majani yake mizigo kwa mizigo, nikayafunga ukutani mpaka juu kwenye boriti. Tukapiga. Upande wa pili wakagonga: "Jamani, mmekufa humo?"

Nikajiona fundi.

Sasa, ni kiangazi, nyasi hakuna, wafugaji Waorma wanaleta ng'ombe mtoni, na mimi nimejaza chumba majani, mlango wazi kwa joto. Siku ya mazoezi ya mwisho ng'ombe akaingia kama mwenye nyumba. Akivuta fungu, linampiga rafiki yangu mkono, gambusi linanyamaza. Anaanza tena. Linavutwa tena. Mimi nimeshika mkia, natukana. Ukuta ukabaki fito tupu.

Mwenye ng'ombe akachungulia. "Nani anaweka chakula ukutani?"

"Hayo ni ya kuzuia kelele!"

"Basi kelele yako tamu. Ng'ombe amependa."

Arusini Idsowe, wale wakatangulia. Wakaupiga wimbo wetu vile vile walivyousikia siku ya ng'ombe, na kunyamaza kwake kote. Wachezaji mguu juu, muziki kimya, wakishusha, umeanza. Bibi arusi akashindwa kuvumilia: "Mbona mnakwama kama mtumbwi kwenye matope?"

Rafiki yangu akachukua gambusi. Akaupiga moja kwa moja, hadi ule ubeti wa mwisho ambao ng'ombe hakutuacha tuufikie, wenye jina la utoto la dada yake. Dada akasimama. "Huu wa kaka yangu!"

Tuliporudi Garsen nikafungua majani yaliyobaki kule juu, nikamtafuta yule ng'ombe kundini.

"Kula, ndugu yangu. Na mtu akikuchapa fimbo, niite mimi."

Mwenye ng'ombe akanitazama vibaya, fimbo mkononi.