Wivu ulinifanya nifunge dumu la ulanzi njiani kwenda Ziwa Natron

Wakuu, kamwene.

Niko dukani kwangu Makambako, nauza mbao. Tangu asubuhi mvua inapiga bati na mteja hata mmoja sijamuona. Nimeona niandike hiki kitu kabla sijabadili mawazo. Yote yalitokea, na pale nilipokuwa mjinga nimepaacha hivyohivyo.

Nina watoto wawili. Faraja ana miaka kumi na tatu, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza la saba. Edgar ana minane. Mama yao ni binti wa Uwemba, hukuhuku Njombe, tuliachana miaka minne iliyopita. Hatukupigana wala kupelekana popote, tulichokana tu. Watoto wakabaki kwangu.

Mwenzangu akahamia Mto wa Mbu, kule upande wa Arusha, akaolewa na dereva wa watalii. Watoto wanamwita Uncle Eli.

Sasa shida ilianzia hapa.

Likizo ya mwezi wa sita watoto walienda kwa mama yao. Uncle Eli akawapeleka kuona volkano, ule Ol Doinyo Lengai ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, karibu na Ziwa Natron. Walirudi Makambako siwatambui. Nikisonga ugali, Uncle Eli husonga hivi. Nikiwasha gari, gari la Uncle Eli lina friji ndani.

Edgar alichora ule mlima kwenye daftari la hesabu. Chini yake akachora gari la kijani na mtu amevaa kofia.

Mimi sivai kofia.

Ile karatasi niliichana, wakuu. Nikamwambia mtoto kuwa imelowa mvua. Na msimu wenyewe ulikuwa wa kiangazi.

Watu wanaongelea wivu wa mapenzi kana kwamba hakuna mwingine. Kwa mke unaweza kujisemea basi, nimeshamuacha aende. Kwa mtoto utajisemea nini?

Mwezi wa kumi na moja mama yao akapiga simu.

"Baba Faraja, mimi naona Faraja asome form one huku. Shule zipo, na msichana ameshakuwa mkubwa, anahitaji kuwa karibu na mama yake."

"Na yeye mwenyewe je?"

"Ndiyo nasema tumuulize. Likizo hii, wakija, tukae wote tumuulize."

Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nikapanga langu. Nitawapeleka mwenyewe kwa gari yangu, na kabla hawajakanyaga ile nyumba nitakuwa nimewaonyesha ule mlima mimi baba yao. Siku Faraja akiulizwa, akikumbuka mlima anikumbuke mimi, siyo mtu wa kofia.

Gari yenyewe ni Noah iliyochoka kwa kubeba mbao na viazi. Nikaifanyia service, nikapakia masweta na mablanketi mawili. Sisi watu wa Njombe ukitutajia mlima tunawaza baridi tu.

Halafu nikapakia ulanzi, lita kumi.

Kwa msioujua, ulanzi ni pombe ya mianzi. Unakata chipukizi, linadondosha maji matamu, na yale maji yanachacha yenyewe popote utakapoyaweka. Ndiyo maana dumu la ulanzi halifungwi. Unaziba mdomo kwa nyasi ili lipumue. Kwetu mtoto wa darasa la pili analijua hilo.

Mama Faraja anaupenda sana, hasa ule wa mwanzo wa msimu. Nikasema huyo bwana anaweza kumpa nyumba ya vigae, lakini ulanzi wa mianzi ya marehemu baba yangu kule Yakobi hana pa kuutoa. Ndiyo nilivyowaza, siwafichi.

Tukaondoka. Usiku wa kwanza tulilala Dodoma, wa pili Babati. Edgar alikuwa anahesabu malori, akikosea anaanza upya. Dumu lilikaa nyuma ya kiti changu na nyasi zake mdomoni, likipumua vizuri. Nilijiona baba wa maana.

Siku ya tatu asubuhi tukaingia Mto wa Mbu.

"Baba, si tunaenda kuwasalimia kwanza?" Faraja akauliza.

"Tutawasalimia tukirudi."

"Lakini nyumba ni palepale mbele. Lile geti la bluu."

Nikalipita geti la bluu. Kwenye kioo nilimuona amegeuka anaangalia nyuma mpaka migomba ikaisha. Mimi nikakanyaga mafuta, maana niliogopa yule bwana akituona atasema anatusindikiza.

Mbele huko lami iliisha. Barabara ni makorongo na mawe, ulanzi ukaanza kumwagika kwenye kiti. Nikaona nitafika na dumu nusu, aibu gani hiyo. Nikasimama, nikatupa nyasi, nikakaza kifuniko, nikaweka na nailoni, juu yake nikafunga kipande cha tyubu. Nilikaza kwa nguvu zangu zote.

Faraja aliniangalia.

"Baba, ulanzi hauzibwi hivyo."

"Najua ninachofanya."

Ile nchi, wakuu, picha haziwezi kuisema. Vilima vyeusi vimekaa vyenyewe bila mti. Majivu ya volkano kila upande. Halafu mlima wenyewe, umechongoka, kileleni mweupe kama umemwagiwa unga. Na joto ni kama umesimama mlangoni pa tanuri la tofali. Masweta ya Njombe yakageuka mito ya kulalia.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaelezea. Sikupata nafasi. Edgar ndiye alikuwa ananielezea mimi, lile shimo linaitwaje, majivu yametoka wapi, na kila sentensi inaanzia kwa Uncle Eli. Nilikuwa nauma meno tu.

Hapo ndipo dumu lilipopasuka.

Lilitoa mlio kama tairi kubwa. Nikadhani ni tairi kweli, nikakanyaga breki na kukata usukani. Noah ikatoka barabarani, ikazama kwenye majivu hadi tumboni. Ulanzi ulikuwa darini, kwenye vioo, kwenye nywele za Faraja. Edgar alilowa kuanzia shingoni hadi viatu, analia.

Badala ya kutulia nikakanyaga mafuta. Gari likazidi kujichimbia kaburi.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Ya Faraja ilikuwa nao kidogo.

"Baba, nimpigie Uncle Eli?"

"Hapana. Gari litapita."

Hakuna gari lililopita. Tukanywa maji, maji yakapungua. Edgar akaomba mengine, nikatikisa chupa, nikaona kilichobaki. Hapo nikamwambia Faraja ampigie. Sijawahi kusema neno zito kama lile.

Baada ya saa mbili hivi tuliona vumbi, halafu gari la kijani, halafu kofia. Vilevile kama kwenye ile karatasi niliyoichana.

Akashuka. "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Gari lilikuwa linanuka kilabu kizima. Watoto wananuka pombe. Mimi nina macho mekundu kwa vumbi. Nikajua nimekwisha. Huyu akisema nyumbani jinsi alivyotukuta, si Faraja tu, hata Edgar ataondoka.

Hakuuliza kitu. Aliwapa watoto maji ya baridi ya lile friji, akapiga magoti kwenye tairi zangu akaanza kutoa upepo.

"Kaka, huku unapunguza upepo. Tairi ikijaa sana inachimba."

Alipokuwa anafunga kamba ya kuvutia, simu yake ikaita. Alikuwa Mama Faraja. Nikasikia kila neno.

"Wapo salama. Walisimama wanapiga picha, ndiyo maana wamechelewa. Tunakuja."

Akanitazama, akarudi kwenye kamba yake.

Nilitamani angenisema, wakuu. Angenisema ningepata sababu ya kumchukia kwa raha. Sasa nikaanza kumwonea wivu hata kwa uungwana wake.

Tulifika kwenye geti la bluu jioni. Watoto wakaenda kuoga moja kwa moja. Mama Faraja alinikaribisha vizuri, hakuuliza kitu. Ulanzi sikuutaja.

Kesho yake tukakaa wote, Faraja akaulizwa. Akasema atasoma huku, likizo atakuja kwangu. Nikamuomba tutoke nje, nikamuuliza sababu. Ni shule? Ni gari? Ni yule mlima?

"Hapana, baba. Ulipita nyumbani kwa mama bila kusimama."



Tulirudi Makambako wote watatu ili Faraja akusanye vitu vyake. Mwezi wa kwanza mama yake alikuja kumchukua. Nilienda stendi nimeshika begi mkono mmoja na dumu la lita tano mkono mwingine, ulanzi wa Yakobi, mdomoni nimeziba kwa nyasi.

Mama Faraja akalipokea, akaziangalia zile nyasi, akacheka.

"Leo umekumbuka nyasi."

Nikashtuka. "Kumbe Eli alikwambia?"

"Eli mpaka leo hajaniambia kitu. Zile nguo za watoto nilizifua mimi, Baba Faraja."

Akapanda basi. Faraja alinipungia dirishani mpaka basi likakata kona.

Kwa hiyo alijua tangu jioni ileile. Alikaa mezani pamoja nami, binti akaulizwa, na hakulitumia jambo hilo dhidi yangu. Mimi nilikuwa nashindana na watu ambao hawakuwa kwenye mashindano.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto hakuhitaji nimwonyeshe mlima. Alihitaji nisimame dakika tano kwenye geti. Ningesimama, labda leo angekuwa hapa anasomea Makambako, labda asingekuwa. Sitajua.

Wivu haujaisha, nisijifanye nimetakata. Jumapili Faraja akipiga simu akitaja Uncle Eli, bado kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Tofauti ni kwamba siku hizi namwambia amsalimie.

Edgar kachora tena ule mlima. Safari hii kuna magari mawili, moja la kijani na jingine limezama mpaka vioo, na mtu wa hilo la pili kichwa wazi. Hii sijaichana, nimeibandika dukani juu ya meza.

Wenye watoto wanaolelewa na mtu mwingine, ninyi mnaishije na hiki kitu? Na wa kunicheka anicheke tu, nipo hapahapa nasoma, mvua bado inapiga.