Sinema Iliyomkatikia Hawe

Wiki jana nilikuwa na safari yangu ya Kisauni, safari ya maana kabisa, lakini miguu ikakataa. Ikanishusha Bombolulu, ikanipeleka mpaka pale tulipokuwa tukikaa zamani. Nyumba haipo. Pamesimama ghorofa refu, ukilitazama juu waweza kuanguka chali, na chini yake kijana mmoja ana kibanda cha kupakia sinema kwenye flashi. Nikamsalimu, nikamwambia natafuta sinema moja ambayo jina lake silijui.

"Ina nani ndani?" akauliza.

"Ina mtu anayeruka angani."

"Mama," akanitazama kwa huruma, "siku hizi wote wanaruka."

Na kabla sijasema zaidi akaanza kunimwagia alizozitazama karibuni. Hii hapa, adui ni baba mtu. Hii ya watoto, yule kifaranga mcheshi, sauti yake ni ya mwanamke mwenye wajukuu. Hii nyingine shujaa anakufa, lakini si kufa sana, na majina yakianza kupanda usiinuke, kuna kipande wamekificha huko mwisho. Punde si punde nikawa nimemaliza sinema sita nimesimama juani. Nilibaki nimefumba mdomo, mashavu yamevimba yenyewe kama puto. Kijana akadhani naumwa jino. Lakini wewe, rafiki yangu, uliyekulia zama za diski za kukodi, ngoja nikwambie.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati, choo kimoja na foleni yake. Katika familia zote zile TV ilikuwa moja tu, ya jirani tuliyemwita Fundi. Alishona mikoba ya ngozi karakanani. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni, lakini baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, aliiendesha kwa kasi mpaka pikipiki zikampisha. Chumba chake kilinuka ngozi na gundi, na Jumamosi mchana kilimeza Bombolulu nzima: watoto mkekani, wakubwa kitandani, waliochelewa wananing'inia dirishani kama popo.

Uingie pale uwe umemaliza kazi zako. Maji umeteka, sare umefua, mchele umechagua mawe. Ukiitwa katikati ya sinema, ukirudi nafasi yako mkekani ina mtu mwingine na mdogo wake. Mama alikuwa akileta sinia la mihogo ya kukaanga, imepasuliwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, na mpaka leo nikiona watu wawili wanagongana angani, mate ya ndimu yananijaa mdomoni.

Raha yenyewe ilikuwa baadaye, TV ikishazimwa, tumetoka ukumbini kutoa maoni. Ambaye hakutazama hakuwa na sauti. Hata angekuwa baba mwenye nyumba, angeambiwa anyamaze. Fundi hakumsamehe shujaa yeyote mavazi yake. "Nionyesheni zipu," alisema. "Zipu hakuna, kifungo hakuna. Kaingiaje mle? Na haja ikimbana yuko juu ya mawingu?" Jirani wa chumba cha pili, kuli wa bandari ya Kipevu, ugomvi wake ulikuwa makontena. "Kontena hushikwa pembe nne!" alipiga kelele, mishipa imemsimama. "Yeye analishika tumbo! Litakatika hilo, mzigo wa watu umwagike, naye anaruka zake!" Mama aliuliza nani anafua zile nguo, maana mashujaa wote aliona hawana wake. Mtoto wa mwenye duka la unga pale mbele ndiye alikuwa na habari za ndani, alizozitoa saiba, kwenye kompyuta za kulipia: kwamba mwigizaji mmoja alikula mayai arobaini kila siku ili kifua kimtune, na kwamba damu ya sinema ni sharubati. Habari ya sharubati ilituhuzunisha siku mbili.

Sheria ya Fundi ilikuwa moja: aliyekwisha kuiona sinema hasemi. Na kwa kuwa aliijua midomo yetu, hakutegemea ahadi. Chini ya meza palikuwa na jagi la maji. Kama umeshaiona, unapiga funda moja kubwa, unalishikilia mdomoni mpaka mwisho. Mara kwa mara anakunyooshea kidole, nawe unayachezesha mashavu, asikie maji yamo. Ukimeza au ukitema, unatoka, na hurudi mpaka shule zifunguliwe. Mtoto wa mwenye duka aliwahi kucheka akiwa na funda lake, likaruka lote kwenye TV. TV ile ilikohoa wiki nzima. Kwangu mimi, niliyekuwa nikiongea hata usingizini, adhabu ya viboko ingekuwa nafuu.

Sasa, likizo moja ya Agosti alikuja Hawe. Hivyo ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. Alitoka Kaloleni na gunia la mahindi na kuku aliyefungwa miguu, na alikuwa aondoke Jumapili alfajiri. Hawe alizaa watoto wengi, lakini aliyekuwa moyoni mwake ni kitindamimba, mjomba wangu, aliyekwenda bara kutafuta kazi kabla sijazaliwa, akapotelea huko. Barua hakuna, simu hakuna. Jina lake hatukulitaja mbele ya Hawe, naye mwenyewe hakulitaja. Ila alikuwa na mazoea ya kumtazama kila mwanamume mrefu anayepita, mpaka apotee machoni.

Jumamosi ile Fundi alikodi diski ya sinema kumi ndani ya moja, na irudishwe dukani kabla ya magharibi. Jalada lilikuwa la sinema nyingine kabisa, na jina halikuandikwa popote. Ilipoanza tu nikaitambua. Nilikuwa nimeiona wiki iliyopita Changamwe kwa shangazi. Nikajikokota mpaka kwenye jagi, nikapiga funda, nikarudi kukaa karibu na Hawe. Hiyo ilikuwa sinema yake ya kwanza maishani.

Ilihusu kijana maskini aliyelelewa na mamake peke yake kando ya reli. Akapata nguvu za ajabu: anaruka, anasimamisha treni kwa bega. Lakini kila akizitumia, kitu kimoja kinamtoka kichwani. Akiokoa basi, anasahau mwalimu wake. Akizuia daraja, anasahau nyimbo zote alizozijua. Mwishowe amebaki na mamake tu, na hapo ndipo bwawa likapasuka, na mji mzima uko bondeni.

"Usiende!" Hawe akamwambia. "Waache na mji wao!"

"Mama, hakusikii," mamangu akanong'ona.

"Atasikia."

Kisha akanishika mkono, vidole vimekaza kama koleo. "Wewe si umeiona? Atamkumbuka mamake?"

Mungu wangu. Mashavu yakanitetema. Fundi akaninyooshea kidole. Kichwa nacho sikuweza kukitikisa, maana kukitikisa ni jibu. Nikakaza shingo, machozi yakanitoka, miguu ikapiga mkeka kama ya mtu aliyeketi juu ya siafu.

"Mjukuu wangu, nakuuliza. Atamkumbuka?"

Likizo nzima ilikuwa imebaki. Nikimeza, Jumamosi zote nitakuwa nje na popo. Nisipomeza, Hawe huyu hapa, hapumui. Shujaa akaenda. Akalizuia bwawa kwa mgongo, akalirudisha, akatua nje ya nyumba kando ya reli. Ndani, mamake anapakua chakula. Akanyoosha mkono aingie, na stima zikapotea, TV ikawa nyeusi.

Kelele za siku ile nadhani zilisikika Mtwapa. Kuli alijishika kichwa: "Lakini mitambo ya stima ya Kipevu nimeiacha saa nane, mizima kabisa!" Tukangoja. Jua likaanza kushuka, stima hazikurudi. Fundi akachukua sindano yake ya ngozi, akaichomeka kwenye kile kitundu cha dharura cha deki, diski ikateleza nje, mwenye duka la kukodi asije kufoka. Ndipo macho yote yakanigeukia. Funda langu bado nilikuwa nalo, limekuwa vuguvugu kama chai. Hawe alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Asiseme!" mtoto wa mwenye duka akaruka. "Sheria ni sheria! Akisema atoke!"

Fundi aliigeuzageuza diski mkononi. "Meza," akaniambia.

"Fundi!"

"Nimesema ameze. Mama wa watu anaondoka kesho."

Nikameza. Nikasimama, maana kukaa singeweza, nikawaonyesha kwa mikono: anaingia, mamake anamtazama, naye anamsalimu kama unavyomsalimu mtu uliyemkuta njiani. Hakumkumbuka. Mamake hakulia, wala hakujitambulisha. Akampakulia. Akala sahani tatu, tena zimefurika, nilisema, ingawa nafikiri ilikuwa moja. Akashukuru, akatoka, akaruka. Majina yakapanda.

"Sinema mbaya!" kuli akasema. "Nimepoteza Jumamosi yangu." Mama alikuwa akijifuta machozi kwa leso.

"Alipoingia," Hawe akauliza polepole, "mlango aliufanyaje?"

"Mlango gani, Hawe?"

"Mlango wao. Pale mwanzo, alipokuwa mtoto. Mlango ule ulikuwa ukikwaruza chini, na kila mara mamake akimwambia ainue kwanza ndipo asukume. Nyinyi mlikuwa mkitazama nini?" Tukaangaliana. Hakuna aliyeukumbuka mlango. "Sasa aliporudi na kusahau kwake, aliinua au alisukuma?"

Mimi, niliyejua mwisho peke yangu nyumba nzima, nikalazimika kukiri. "Sikuangalia, Hawe."

"Uliangalia nini?"

"Uso wake."

"Uso!" akasema, kama nimemtajia kitu cha kipuuzi kabisa. Alfajiri, akiwa ameshapanda gari na kapu lake mapajani, alitoa kichwa dirishani: "Ukiiona tena, tazama mkono."

Basi ndiyo ukawa mwanzo wa kutotulia kwangu. Jumatatu nilikuwa kwenye duka la kukodi kabla halijafunguliwa. Diski ile imekodiwa na mtu wa Kongowea, ambaye mpaka leo nadhani bado anaitazama. Nikamsumbua shangazi mpaka akanituma dukani nimwondokee. Diski niliyoitazama kwake ilikuwa ya dereva wa lori, ameondoka nayo kwenda Uganda. Ukumbini watu wakagawanyika. Fundi alishikilia kwamba aliinua. "Mkono wangu ukiota uko kazini, unashona," alisema. "Mkono hausahau." Kuli akasema alisukuma, maana kwa nguvu zile angeinua angeung'oa na fremu. Mabishano yale yaliendelea mpaka kuli akahamia Miritini, na siku ya kuhama, godoro liko kichwani, alisimama nje akapaza sauti: "Alisukuma!"

Desemba tulikwenda Kaloleni kula sikukuu. Nikaukimbilia mlango wa Hawe nikausukuma kwa bega, ukakwama, nikagonga paji la uso. Sauti ikatoka ndani: "Inua kwanza!" Mbao za chini zilikuwa zimelika, na sakafuni mlango ulikuwa umechora nusu duara. Baba akasema ataomba randa kwa jirani, ni kazi ya mara moja tu. Hawe alikuwa akichambua mchicha.

"Uache," akasema.

"Mama, ni dakika chache."

"Nimesema uache mlango wangu."

Mama akamgusa baba mkono, na randa haikutajwa tena.

Miaka ikaenda. Kila nilipompigia simu, hajaitikia hata shikamoo yangu vizuri, ananiuliza: "Umeiona?" Nilipomaliza kidato cha nne shule ya jioni, mtu mzima mimi, nina mtoto mgongoni, nilimpigia nikilia kwa furaha. "Hongera," akasema. "Na ile umeiona?" Nilijibu bado. Nilijibu bado kwa miaka mingi, mpaka simu ikawa inapokelewa na watu wengine.

Fundi amerudi kwao, na kijana wa flashi sinema yangu haijui. Vile vyumba sita ni mchanga na kokoto chini ya ghorofa. Binti yangu anatazama sinema kwenye simu, masikio ameyaziba, na nikimuuliza ilikuwaje ananiambia, "Ilikuwa sawa." Sawa! Sisi neno hilo moja lingetulisha Agosti nzima.

Baada ya mazishi wajomba zangu waliitengeneza nyumba ya Hawe, kwa nia njema, wapate mahali pa kufikia. Wakapiga lipu, wakalainisha sakafu, wakatia mlango wa chuma wa rangi ya samawati. Nilikwenda kuuona. Niliugusa kwa kidole, ukafunguka wote, kimya. Mjomba wetu wa bara hajafika bado. Lakini njia ipo, na mlango ni mzuri, unafunguka kwa mtu yeyote, ajuaye kuinua kwanza na asiyejua.