Kichwa cha Bibi Arusi

Kichwa cha kwanza nilichopewa kusuka kilikuwa cha plastiki, kimefungwa kwa skurubu kwenye ukingo wa meza. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na kufumuliwa na wanafunzi wengi kabla yangu, hata zikabaki kama majani makavu. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi katika saluni za Lubumbashi, alisema tukiweza kuzipa umbo nywele zile, hakuna kichwa cha mtu kitakachotushinda. Haikuwa kweli, lakini tulimwamini.

Kituo chetu cha mafunzo kilikuwa Dilala, mtaa wa mji wetu wa migodi, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampuni ya shaba, za matofali, zenye baraza ndogo mbele. Sebule iligeuzwa kuwa chumba cha nywele, chenye viti vya kuzunguka na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Chumba cha kulala kilikuwa cha urembo. Humo tulijifunza kusafisha uso, kukanda mabega, kutunza kucha na visigino. Tulijifunzia miilini mwetu wenyewe, na wiki za mwanzo kila mmoja alirudi kwao uso ukimeremeta na nyusi zimekuwa nyembamba kupita kiasi.

Nilifika pale kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na tata, baba yangu, mstaafu wa mgodi ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, alitaka niombe kazi ya kuendesha malori makubwa ya mgodini. Siku hizi wanawake wanayaendesha. Niliomba, nikaitwa kupimwa macho, nikashindwa. Jicho langu la kushoto halioni mbali. Nilimwambia tata kwamba sasa nataka kujifunza kazi ya nywele.

"Nywele si kazi," alisema. "Ni kintu bamama banafanyaka saa ya kupumuzika."

Mama, aliyekuwa akiuza makala, mkaa wa kutoka Mutshatsha, mbele ya nyumba, hakuinua macho kwenye magunia yake. "Acha aende," alisema. Nikaenda.

Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mepesi. Hakuturuhusu kugusa nywele za mteja kabla ya kuangalia ngozi ya kichwa, na alitukataza kabisa kuchanganya zile krimu za kujichubua ambazo wateja walituomba kila wiki. Wengi waliona ni mama mgumu. Rafiki yangu darasani, msichana wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki wakafungua duka mjini, alisema ugumu ule ulimkumbusha bibi yake, na kwa hiyo haukumsumbua. Yeye alipenda zaidi kazi ya uso. Mimi nilipenda nywele.

Alhamisi ilikuwa siku ya wateja wa mazoezi. Watu walikuja kwa hiari yao, wakijua kwamba watashikwa na mikono ya wanafunzi. Alhamisi moja aliingia mwanamke mrefu, bado amevaa buti za mgodini zenye vumbi, akakaa kwenye kiti changu. Aliendesha lori, kazi ileile niliyoikosa. Alikuwa anakaribia kuolewa na alitaka misuko mirefu, ya kufika kiunoni.

Alikuwa amevaa wigi. Nilipoanza kulitoa, halikutoka, kwa sababu lilikuwa limebandikwa kwa gundi kuzunguka kichwa chote. Nilitia mafuta, nikangoja, nikalivua polepole. Chini yake nywele za mbele hazikuwapo. Upande wa masikio yote mawili ngozi ilikuwa wazi, laini kama ya kiganja, na penye gundi palikuwa na vidonda vinavyotoa maji.

"Yaya, hii haikuumi?" nilimuuliza, nikimwita kama dada mkubwa.

"Inauma. Nilizoea," alisema. "Kila siku navaa kofia ya kazi, chini yake wigi, chini ya wigi misuko. Nywele haina nafasi ya kupumua."

Nilimwita mwalimu. Alikuja, akainama, akaangalia kwa muda mrefu bila kugusa.

"Mi siwezi kusuka kichwa hii," alisema. "Nikivuta hii nywele kidogo yenye inabakia, itatoka, na haitarudia."

"Mama, ndoa yangu iko karibu."

"Nimesikia. Lakini kwanza hii bidonda ipone."

"Basi nitaenda kwengine."

"Kwengine batakusuka," mwalimu alisema. "Hiyo najua."

Yule mwanamke alirudisha wigi kichwani bila gundi, akalishika kwa mkono mmoja, akatoka, akapanda pikipiki ya taksi. Nilifagia sakafu ingawa hapakuwa na nywele za kufagia.

Alirudi wiki iliyofuata, siku ambayo mwalimu alikuwa amekwenda kwenye msiba wa jirani yake. Kituoni tulikuwa mimi na rafiki yangu tu. Alikuwa amefunga kitambaa, na alipokifungua niliona misuko michache upande wa mbele, mipya, na damu iliyokauka mizizini.

"Balianza kunisuka kule sokoni," alisema. "Damu ikatoka. Nikabaambia baache." Alikaa kitini. "Leo nataka uninyoe. Yote."

Nilimwambia amngoje mwalimu.

"Nikingojea nitaogopa. Nyoa."

Kwetu mwanamke hanyoi kichwa hivihivi. Anayenyolewa ni mjane, ananyolewa na wakwe, na watu wakimwona barabarani wanajua la kumwambia. Bibi arusi aliyenyolewa sikuwa nimemwona, wala kumsikia. Nilimuuliza kama mama yake anajua.

"Kichwa ni yangu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Mwenye atanioa anajua. Nilimuonyesha yote. Aliangalia, akasema sasa kofia ya kazi itaenea muzuri."

Alicheka kidogo, na mimi nikacheka. Rafiki yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha urembo, taulo mkononi.

"Ukianza, hautaweza kusimama katikati," aliniambia.

"Najua."

Nilishusha pazia la dirishani. Nilifumua ile misuko michache, nikaosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, nikakata kwa mkasi hadi nywele zikawa fupi sana, ndipo nikashika mashine. Umeme ulikuwapo. Kwenye vidonda nilipita juujuu, bila kugusa ngozi. Nywele zilianguka kidogokidogo kwenye mabega yake, na jinsi zilivyopungua ndivyo kichwa chenyewe kilivyoonekana: kirefu nyuma, chenye kovu dogo juu ya kisogo ambalo aliniambia alilipata utotoni kwa kuanguka kwenye reli, huko Kasaji. Hakutaka kuangalia kioo. Alifumba macho mpaka mwisho. Nilipozima mashine alipitisha kiganja kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni.

"Iko baridi," alisema.

Halafu akafungua macho. Alijitazama kwenye kioo bila kulia wala kutabasamu, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Nilimpaka dawa, akafunga kitambaa chake, akaenda kazini.

Mama yake alifika asubuhi iliyofuata, na mara hii mwalimu alikuwapo. Alikuwa mama mnene kidogo, amevaa kitenge cha kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya chumba akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani alinyoa mutoto yangu?"

"Ni mi, mama," nilisema.

Mwalimu hakuwa na habari. Sikuwa nimepata nafasi ya kumweleza. Alinigeukia mara moja tu, kisha akamvutia mgeni kiti.

"Ni mwanafunzi yangu," alisema. "Maneno yake ni yangu pia. Ikaa, mama."

"Sikukuya kuikaa." Hata hivyo alikaa. "Mama, weye uko muntu muzima. Mwanamuke ananyoaka kichwa kama bwana amekufa. Ule bwana hajamuoa bado, mutoto tayari amemulilia. Bakwe batasema nini? Batasema tunabaletea mukosi."

"Uliona kichwa yake mbele ya kunyolewa?"

Nadhani yule mama hakuwa amekiona. Binti yake alikuwa akilala na kitambaa na kuamka na wigi, kama wanawake wengi wa kazini, na mama hana sababu ya kufunua kichwa cha mtoto aliye mtu mzima. Mwalimu akamweleza: gundi, vidonda, damu kule sokoni. Alimweleza bila kumlaumu mtu. Yule mama alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake, na alipopewa maji alikunywa yote.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini siku ya ndoa atavaa nywele. Huyu mwenye alinyoa, ye njo ataitengeneza."

"Ataitengeneza," mwalimu alisema.

Alipoondoka, nilingoja kukaripiwa. Mwalimu alikuwa akipanga vitana.

"Siku ingine uningojee," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ule bibi arusi alirudi kukutafuta weye, ao alitafuta mi?"

"Alikutafuta, mama. Akanikuta mi."

Aliitikia kwa kichwa. Hakurudia tena maneno hayo.

Kwa hiyo nilijifunza kushona wigi mapema kuliko wenzangu. Linashonwa juu ya kofia ya wavu, safu kwa safu, kwa sindano iliyopinda, likikaa juu ya kile kichwa cha plastiki. Badala ya gundi mwalimu alinionyesha kutia mpira laini wa kuvutika, na ndani, mahali pa vidonda, kitambaa cha pamba. Vidole vyangu vilichomwa sana. Nyumbani habari ilikuwa imeshafika kupitia watu wa kanisa, na jioni moja tukila bukari, ugali wetu, tata aliniuliza:

"Ule mwenye alinyoa bibi arusi, ni weye?"

"Ni mi, tata."

"Ulimukata?"

"Hapana. Sikumukata hata kidogo."

Akamega tonge lingine, akaendelea kula.

Yule dereva alipita kila baada ya siku chache, akitoka kazini, nimsafishe kichwa. Vidonda vilikauka. Nyuma zilianza kuota nywele nyeusi, fupi, zenye nguvu. Mbele hazikuota, na mwalimu hakumficha kwamba huenda zisiote kabisa. Alisikia, akafunga kitambaa chake. Tulizungumza zaidi kuhusu malori. Aliniambia kule juu, kwenye kiti cha dereva, mtu haoni kilicho karibu na magurudumu, lazima awaamini walio chini.

Siku ya ndoa mimi na rafiki yangu tulikwenda kwao asubuhi. Rafiki yangu alimpaka uso kwa utulivu, rangi zisizopiga kelele. Mimi nilimvika wigi. Lilimkaa vizuri, mama yake alizunguka akaliangalia pande zote na hakuona la kusema. Kanisani hakuna aliyeshuku kitu. Tulikaa nyuma, tukiwa na mkoba wa poda, kwa sababu kazi yetu ilikuwa kumfuata mpaka mwisho wa sherehe.

Sherehe ilifanyika uani, chini ya turubai, na joto lilikuwa kali. Wageni walikuwa wengi, muziki mkubwa. Bibi arusi alikaa kwenye kiti chake akitoka jasho. Jasho lilishuka kutoka chini ya wigi likachora mistari kwenye poda, tukafuta, likashuka tena. Niliona anavyopeleka mkono sikioni na kuurudisha kila mara. Mama yake pia aliona. Alivumilia kwa muda, akiwasalimia watu, akirudi kumtazama. Kisha akaja mbele, akasimama kati ya binti yake na wageni, akamwinamia.

"Inakuuma?"

"Inaniuma, mama."

Yule mama alilivua wigi kwa mikono yake, akanipa mimi bila kunitazama. Akafungua kilemba alichokuwa amevaa yeye mwenyewe, cha kitenge cha familia, akaanza kumfunga. Kabla hajamaliza, shangazi wa bwana arusi, mwanamke mzee aliyetoka mbali kwa ajili ya ndoa ile, alisogea akaona kichwa kilichonyolewa.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna muntu amekufa," alijibu yule mama huku akikaza fundo. "Alikuwa na bidonda. Ni mi nilisema anyolewe. Ni dawa."

Mzee aliangalia tena, akamgeukia bwana arusi. Yeye akasema, "Shangazi, najua tangu zamani." Mzee akarudi kwenye kiti chake. Wale waliokuwa karibu waliona, wa mbali waliambiwa, na chakula kikaletwa. Mama wa bibi arusi alimaliza sherehe kichwa wazi, mvi zake nje, jambo ambalo nadhani lilimgharimu zaidi kuliko lile la binti yake.

Dilala maneno yaliendelea kwa muda. Wengine walisema yule msichana alikuwa mjane kabla, wengine walisema ana ugonjwa. Wanawake wachache walikuja kituoni kwa siri kufunua vichwa vyao, na mwalimu aliwaangalia. Wawili kati yao walinyolewa, waliobaki walirudi nyumbani na dawa.

Nilimaliza mafunzo na sasa nina saluni ndogo kando ya barabara, karibu na shule. Rafiki yangu aliolewa Kasaji na anafanya kazi ya uso huko, ingawa anasema wateja wa kule wanapenda zaidi kusukwa. Mwalimu alirudi Lubumbashi. Yule dereva ana mtoto wa kike, bado anaendesha lori, na huja kwangu kukatwa nywele fupi. Pale mbele hapakuota kitu. Mama yake akinikuta sokoni hunisalimia kwa heshima, huuliza habari za wazazi wangu, tena kwa kirefu. Lakini nywele zake mwenyewe husukwa na mtu mwingine.