Mbegu za Pinki na Malenge ya Senge

Safari hii niliifanya kwa hasira, na hata sasa ninapoiandika hasira yenyewe haijapoa. Sikwenda kutembea wala kuona mji. Niliondoka kwetu Ndalu, Tongaren, kwa sababu ya madoa madogo kwenye malenge ya Senge, dada wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

Malenge hayo si ya kununua. Senge alipewa mbegu yake na mama yake alipoolewa, na mama yake naye aliipata vivyo hivyo. Kwetu binti akishapata jiko lake, msimu wa kwanza wa mvua mama humtumia mbegu za malenge, zile zilizopakwa majivu na samadi zikabandikwa kwenye ukuta wa jikoni, mahali moshi unapofika. Nasambu, binti pekee wa Senge, alikuwa ameolewa Bungoma, na mwaka huo ndio alikuwa amejengewa jiko. Zamu yake ilikuwa imefika.

Ubaya ni kwamba msimu uliotangulia Senge alikuwa amepanda matango kando ya malenge, kwa mbegu ya pakiti kutoka Kitale. Mbegu zenyewe zilikuwa za pinki. Huku Tongaren kila mkulima wa mahindi anajua kwamba mbegu yenye rangi imetiwa dawa, na isiyo na rangi ni ya kuku. Hizi hata zilinukia. Senge aliniambia ninuse, nikanusa, nikasema dawa za siku hizi ni nzuri.

Mvua na umande vilipozidi, matango yakatoka vidoa vilivyobonyea kana kwamba yamedungwa na mdudu, na kila kidoa kikatoa utomvu unaonata kama gundi. Baadaye juu ya vidoa hivyo ikaota kuvu ya kijani iliyokolea, laini kama mahameri. Tuliyatupa yote. Kisha malenge yaliyokuwa karibu nayo yakaota vigaga vigumu, kama vya kidonda kinachokauka. Senge akakata sehemu mbaya, akapika iliyobaki, na mbegu akazibandika ukutani kama miaka yote.

Mimi sina elimu ya kilimo. Niliacha shule kidato cha pili, na yote ninayoyajua nimeyaokota kwenye vijitabu vya zamani na magazeti ya kufungia sukari. Tena mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga banda la kuku, narudi kuangalia kama nimelifunga, halafu narudi kuangalia kama nililiangalia vizuri. Kwa hiyo niliposoma kwamba ugonjwa wa vigaga huweza kusafiri na mbegu, hata kama mbegu inaonekana safi, chakula kilinishinda.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Senge akipepeta maharagwe. Nikamwomba asimtumie Nasambu zile mbegu.

"Umechelewa," akasema. "Nimempa shemeji yako jana alipokuja kanisani. Saa hii yuko Bungoma."

"Senge, zina ugonjwa!"

"Wewe na makaratasi yako. Malenge haya yamekulisha tangu ukiwa na kamasi, leo ndiyo ati yana ugonjwa?"

"Basi niende Kitale niulize mtu anayejua."

Aliinua ungo, akapuliza makapi yakanirukia. "Enda. Mtu aliyesoma akisema, nitasikia. Lakini wewe, Wafula? Wewe hata uji unaukagua kabla ya kunywa."

Niliazima simu ya mwenye duka nimpigie Nasambu. Ilikuwa imezimwa, kama simu nyingi za vijijini, ambazo husubiri siku ya soko ili zichajiwe. Nikafunga kwenye gunia tunda moja lenye vigaga lililobaki darini, nikatia mfukoni pakiti ya matango iliyokuwa na mbegu chache zilizosalia, nikapanda lori la mahindi.

Kitale, kabla ya adhuhuri. Baridi ilikuwa imetanda na manyunyu hayakuwa yamekatika. Niliulizauliza hadi nikaelekezwa kwa mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mimea, mtu mpole mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Nilikuwa nimejizoeza njiani nitakavyojieleza, lakini nilipofika mbele yake nilisahau yote, nikafungua tu gunia.

Alikwangua kigaga, akakitazama kwa hadubini, akaniita nitazame na mimi. Niliona nyuzi na vijipunje vilivyoshikana kama shanga.

"Ni kuvu ya vigaga," akasema. "Na hii baridi yenu yenye unyevu ndiyo inaipenda. Hukaa kwenye mabaki shambani misimu kadhaa. Hapo msirudishe matango wala malenge, pandeni mahindi au maharagwe."

"Na mbegu?"

"Mbegu inaweza kuibeba. Si kila mbegu, lakini huwezi kujua ipi. Mimi nisingempa mtu."

Nikamtolea pakiti. Akatia mbegu moja kwenye maji, akanusa kidole, akanusa tena. Kisha akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Kijana, siwezi kuapa bila kupima. Lakini mimi sijui dawa ya mbegu yenye harufu ya stroberi. Hii naona ni ile poda ya juisi ya watoto wa shule."

Nilisikia masikio yakinichoma. Hiyo ndiyo harufu niliyoisifu mimi, mwenye vijitabu.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye duka ambalo jina lake lilikuwa kwenye pakiti, karibu na njia ya kwenda Kipsongo. Mwenye duka wote walimwita Bosi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na uani nikaona wanawake vibarua wakikamua mbegu kutoka kwa matango yaliyokataliwa sokoni, yaliyopinda na yenye madoa yaleyale. Kando yao palikuwa na ndoo yenye maji ya pinki. Hakuna aliyejisumbua kuificha, na hilo ndilo lililonitia kichaa kuliko yote.

"Hii ni dawa gani?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Nani amesema ni dawa?" Bosi akajibu huku akimhesabia mteja vyandarua. "Soma pakiti. Nimeandika dawa hapo?"

"Watu wanajua rangi ni dawa!"

"Basi hiyo ni shida ya watu. Mimi nikiuza nyeupe wanaziacha, ati hazijatibiwa. Nikipaka pinki wananishukuru. Sasa wewe ulitaka nipake gani, bana? Ya bluu?"

Wateja wakacheka. Walicheka kweli, watu waliokuja kununua mbegu hizohizo! Nikawaambia matango yale yana ugonjwa, kwamba shamba la Senge limeharibika, kwamba malenge aliyopewa na mama yake yanakufa. Mzee mmoja akanipapasa bega, akaniambia nipunguze chai ya asubuhi.

Nilikwenda ofisi ya kulalamika. Afisa aliyekuwa zamuni alinisikiliza akichokonoa meno, kisha akasema pakiti yangu imefunguliwa, haifai kuwa ushahidi. Nilete ambayo haijafunguliwa. Yaani nirudi kwa Bosi nimpe biashara, ndipo serikali iamini ameniumiza. Nilitoka bila kuaga. Nina adabu, naomba msomaji ajue hivyo, lakini siku hiyo nilitoka bila kuaga.

Barabara ya kuelekea Webuye, jioni hiyo. Kuanzia Kiminini hadi Kamukuywa wanawake walikuwa wamepanga malenge kando ya barabara, nami sikuweza kutazama milima wala mashamba. Kila gari lilipopunguza mwendo nilikagua maganda kupitia dirishani. Nilijiuliza pakiti za pinki zimefika wapi, na ni mama wangapi wanaobandika mbegu ukutani wakiamini wanawawekea watoto wao kitu. Nililala Webuye kwa rafiki, nikaanza tena safari asubuhi.

Bungoma, Jumanne. Joto la huko lilinipokea kama mkono wenye jasho. Nasambu anakaa si mbali na msikiti, kwenye kiwanja kinachoteremka hadi kijito. Nilimkuta na jembe mkononi, tope hadi magotini, akifurahi.

"Kaka! Sasa? Karibu! Mbegu za mama nimezipanda jana jioni. Tazama, mpaka kule."

Nikamweleza yote. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Unataka nizifukue?"

"Zote. Na zilizobaki tuchome."

"Wafula, watu wa hapa waliona mume wangu akizileta. Mama mkwe alizipokea kwa mikono miwili. Nitawaambia nini? Ati mama yangu alinitumia ugonjwa?"

"Waambie Bosi wa Kitale ndiye alimtumia mama."

"Bosi hawamjui. Mama wanamjua."

Hapo ndipo nilipoelewa huyo mtu alikuwa ameiba nini. Alimfanya Senge awe mtu ambaye binti yake lazima amtetee. Nasambu alitazama matuta yake, akalibwaga jembe, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole. Mimi nikaomba chekeche ya unga, nikawa nachekecha udongo wa kila shimo ili isibaki hata moja.

Jirani yake, Mama Zuhura, alikuja kusimama kwenye ua. "Kijana, huo ni mchanga ama ni mchele?"

Nasambu akamweleza, akitazama chini. Mama Zuhura hakutania tena. Akaingia kwake, akatoka amekumbatia malenge, la kijani lenye milia ya kijivu na shingo iliyopinda kidogo upande. Nililijua kabla hajalifikisha. Lilikuwa la Senge.

"Mama yako alinipa mbegu yake wakati wa arusi yenu," akamwambia Nasambu. "Kila mwaka napanda ya futari. Mengine yamejaa darini."

Arusi ile ilikuwa kabla ya matango ya pinki. Nilitaka kuliomba, lakini sikuthubutu. Kwetu aliyetoa mbegu haiombi irudi. Akiiomba ni kana kwamba amejuta kutoa. Tukawa tunalitazama kama watu wenye njaa.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akasema Mama Zuhura. "Mimi natuma mboga kwa mama yenu. Apike. Akikuta kitu ndani, hayo ni ya jikoni kwake, mimi simo."

Nililigeuza tunda upande huu na ule, nikapapasa kila mlia, nikatazama kwenye kikonyo. Nikaanza tena. "Kijana," akasema, "unalioa?" Halikuwa na doa. Na lingine akampa Nasambu.

Ndalu, Jumatano jioni. Senge alinisikiliza hadi mwisho, kuvu, hadubini, ndoo na yote. Kisha akachukua panga, akazikwangua mbegu zote za ukutani na kuzisukumia motoni. Zilipasuka moja moja. Hakunitazama. Ndipo akalivuta malenge la Mama Zuhura, akapitisha kidole kwenye ile shingo iliyopinda.

"Hili ni la mama," akasema.

Mbegu zake tulizipanda kwa jirani, mbali na shamba letu, ambalo sasa lina maharagwe. Kila asubuhi naenda kuyatazama majani, na bado sijaona doa, ingawa mimi si mtu wa kuniamini nikisema niko na amani. Katika safari hii nimejifunza kwamba ugonjwa hausafiri peke yake. Hubebwa na mtu anayejua vizuri tunachokiamini, na sheria humpisha njia.

Bosi bado anauza. Siku ya soko iliyopita nilimwona mwanamke wa Tongaren akichukua pakiti ya pinki kwenye meza ya mchuuzi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuanza nayo, kama kawaida yangu, Senge akanipita. Akamshika yule mwanamke mkono, akairarua pakiti palepale mchuuzi akipiga kelele, akamsogezea puani.

"Nusa, mama," akasema. "Hiyo ni juisi. Sasa enda nyumbani, nitakuletea malenge upike."