Gorfa Iliyooshwa kwa Sabuni

Mwanangu, kuja karibu, kalia hiyo jerikeni. Wewe unafunga mzigo kwenda kusoma nchi ya watu, ukalale nyumba ya watu hujui, na mimi kuna asubuhi moja naikumbuka kama iko hapa mbele ya macho. Nilitoka nje nikakuta gorfa yangu ya maziwa imeanikwa juani, imesuguliwa mpaka imekuwa nyeupe kama mfupa. Nikasimama. Nikasema, ya Allah, hii ni ya nani?

Lakini ngoja, nimeruka. Nikianza na gorfa hutaelewa. Wacha nianze na msichana.

Alikuwa anaitwa Aneke, ametoka Uholanzi. Mwalimu wake alimleta hapa Isiolo asome mambo ya mifugo, na hakutaka akae hoteli, alitaka akae na watu. Nikasema aje kwangu, chumba ya kijana yangu mkubwa iko tu. Mimi napenda mgeni, wewe wajua. Mgeni akija mdomo yangu inapata kazi.

Huyo msichana alikuja na Kiswahili ya kitabu. Ameshuka tu kwa gari ananiambia, "Shikamoo, bibi." Nikaangalia nyuma yangu nione anaongea na nani! Hapa sisi ni salaam aleikum, ama habari, basi. Halima, mke wa kijana yangu mwingine, tunaishi naye, alicheka mpaka akakalia unga.

Sasa kuchanganyikiwa ikaanza. Nampa maziwa, anamaliza yote. Kwetu mgeni akimaliza kikombe hajashiba, si ndio? Naongeza. Anamaliza. Naongeza tena. Nikajiuliza, huyu mtoto kwao kuna njaa ama? Kumbe maskini, kwao kubakisha ni dharau, anakunywa macho ikijaa machozi. Halafu kila kitu ni asante. Chumvi, asante. Kiti, asante. Hapa asante nyingi ni ya mtu anaondoka. Halima ananiuliza, "Akko" – sisi Waborana bibi tunamwita akko – "Akko, kwani huyu anatuaga? Anaenda wapi?"

Na mchana anaingia chumba, anafunga mlango. Hapa kwetu mlango ikifungwa mchana kuna mgonjwa, ama watu wamegombana. Majirani wakaona, wakaanza kuja kumpa pole. Wakajaa mpaka kitandani kwake. Yeye anatabasamu, ananiangalia kwa macho ya mtu amepotea sokoni. Na mimi, wallahi, nilikuwa nimepotea kama yeye, na niko ndani ya nyumba yangu!

Basi, turudi kwa gorfa. Wewe umekulia na jagi ya plastiki, wacha nikuambie. Gorfa ni ile chombo ya maziwa tunasuka na mizizi. Hii yangu mama alinisukia nikiolewa. Hatuiguzi na sabuni. Tunachukua kijiti iko na moto, tunazungusha ndani, moshi inashika, maziwa inakaa bila kuharibika na inakuwa tamu. Ndani inakuwa nyeusi, na hiyo nyeusi yangu ilikuwa ni moshi ya maisha yangu yote ya ndoa. Aneke aliamka mapema, akachukua maji moto, sabuni ya unga, na ile waya ya kusugua sufuria, akatoa yote. Yote, mwanangu. Halafu amesimama kando, anangoja nimsifu.

Halima ndiye alipiga kelele kwanza. "Woi! Ameua gorfa ya akko! Wewe msichana, ni nani amekutuma?"

Nilichukua gorfa nikanusa, nikasikia harufu ya nguo imefuliwa. Nikakaa chini kwa mchanga. Aneke akaangalia uso yangu, akaangalia Halima, akawa mwekundu kama pilipili, akakimbia ndani. Punde kidogo tukasikia zipu ya begi. Tukasikia anaongea kwa simu na mwalimu wake, analia. Nikajua basi, anaondoka. Mtoto wa watu atarudi kwao aseme Waborana walimchukia, na masomo yake imeisha kabla ianze.

"Wacha aende, akko," Halima akasema. "Akibaki atamaliza vyombo."

Na roho yangu, nisikudanganye, nusu yake ilisema ndio, aende.

Halafu nikakumbuka mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa msichana wa Kinna, baba alikuwa na shamba ya mfereji. Kwetu magunia ya mahindi ilikuwa inahesabiwa kwa sauti, watu wote wanasikia. Nikaolewa Merti kwa wafugaji. Jioni mbuzi zinarudi, na mimi nataka waone wameleta mke wa maana, nikasimama kwa mlango ya boma nikaanza kuhesabu mbuzi zao. Kwa sauti! Na kidole nimenyoosha! Mashemeji wakageuka wakaenda. Hakuna mtu aliniambia nimefanya nini. Nikaingia ndani nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akanifuata. Hata hakukaa. Akasema: "Huku mifugo hatuhesabu kwa mdomo, unaita balaa. Mbuzi tunamjua kwa sura yake. Sasa umejua. Kwanza hukujua kwa sababu sisi hatukukuambia, hiyo ni makosa yetu. Toka, kuja ukamue."

Maneno ni hiyo tu, mwanangu, na nilikaa kwa huyo mama mpaka alipokufa mikononi yangu.

Basi nikainuka, nikapangusa mchanga, nikabisha kwa Aneke. "Fungua, ni mimi."

Akafungua. Begi iko kitandani, nguo inatoka kama matumbo. "Bibi, mimi ni mtu mbaya."

"Wewe si mbaya. Niambie tu, kwa nini ulisugua?"

Akafuta pua. "Nyumbani, baba yangu ana ng'ombe. Chombo cha maziwa kikiwa na weusi kidogo tu, gari la maziwa halichukui. Tunamwaga yote. Mimi nimeona ndani ni nyeusi sana. Nikafikiri bibi amezeeka, haoni. Nikataka kukusaidia."

Haoni! Mimi! "Mtoto wewe," nikamwambia, "mimi naona ngamia ikiwa bado ni vumbi! Hiyo nyeusi ni moshi. Ni dawa ya maziwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

Tukaangaliana. Kicheko ikanianza mimi kwa tumbo, ikamshika na yeye, tukacheka kama watu wamerogwa. Nikamvuta mpaka jikoni, nikampa kijiti. Anakohoa, moshi inamfukuza. Halima alikuwa amekunja mikono kwa mlango, anajifanya hatuoni, mpaka ikamshinda. "Si hivyo, wewe, utachoma nywele! Leta hapa. Zungusha. Pole pole, si unapiga ngoma."

Simu ikalia. Ni mwalimu anauliza aje na gari saa ngapi. Aneke akasema, "Mwalimu, usije. Niko na kazi."

Jioni tukaweka maziwa. Halima akaonja, akatema. "Hii ni ya kunywa ama ni ya kufulia?"

Gorfa haikurudi kuwa kama ile mama alinipa. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini Aneke alikaa mpaka akamaliza masomo, na kila asubuhi ni yeye alikuwa anaiweka moshi.

Sasa wewe, mwanangu, sikia. Ukifika kwa hao watu mikono yako itawashwa kusaidia, kwa sababu nimekulea vizuri. Ishike kwanza. Uliza, hii hapa kwenu inafanywaje? Hata kama ni kitu umefanya tangu uzaliwe. Hata kama unaona aibu, maana aibu ya kuuliza inaisha siku hiyo hiyo. Na ukikosea, na utakosea tu, usikimbilie begi. Kaa, waambie ulikuwa unafikiria nini. Na siku yako ya kupokea mgeni ikifika, usingoje avunje ndio umfundishe.

Haya, leta kichwa nikushike. Mungu akupeleke na mkono wake. Usingizi ya huko ikupende. Upate mama mwingine wa kukugombeza. Elimu ikuingie kama mvua inaingia mchanga kavu ya kule Biliqo, na njia ya kurudi ibaki kijani. Sema amin. Kwa nguvu, Mungu asikie!