Maneno ya Tamati ya Herminia Lascurain

Kraa, halafu kimya: mlio wa kile kisu kikubwa cha karatasi bado ninao masikioni. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kiwanda cha uchapaji cha Baldomero, Herminia Lascurain na mimi, na kila kisu kiliposhuka yeye alifumba macho. Vitabu mia tatu vilikuwa vinakatwa kingo. Vyote vilikuwa na kosa moja, na kosa lilikuwa lake.

Herminia alisoma prufu, kurasa za majaribio za kusahihishwa, katika nyumba yetu ya vitabu, mtaa wa Boedo, kwa miaka thelathini na mmoja. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mikate. Washairi walipanda ngazi zile na miswada kwapani, wakanywa chai yetu chungu ya yerba mate, wakagombana, wakashuka. Tulichapa nakala chache, lakini zilifika maktaba za mitaani hapa Buenos Aires, na walimu wa Jujuy, mbali kaskazini, walituandikia barua kutuambia shairi gani limewaliza wanafunzi. Kila prufu Herminia aliisoma mara tatu, ya tatu akitoka mwisho kwenda mwanzo. Kosa likimponyoka, chakula hakimshuki siku nzima.

Kwetu kitabu hakiagwi bila maneno ya tamati kwenye ukurasa wa mwisho: kilimalizika kuchapwa siku gani, kwa mtambo wa nani, na mara nyingi neno la heshima kwa mtu fulani. Maneno hayo aliyaandika yeye, na aliyachukulia kama kiapo. Lazima yawe kweli siku kitabu kinapotoka mtamboni, alisema, hata kama yote yaliyotangulia ni ndoto za mshairi.

Agosti ile tulikuwa tunachapa mashairi ya don Evaristo Urquizu, mzee wa miaka themanini na tisa, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Ijumaa daktari alimwambia mpwa wake kwamba mzee hataivuka Jumapili. Baldomero naye alitaka maneno ya tamati kabla ya adhuhuri, la sivyo ampishe mteja mwingine. Kitabu kingemalizika Jumanne. Herminia alikuwa na karatasi mbili mezani, moja ya mshairi aliye hai, nyingine ya marehemu. Nilimwona akizibadilisha: hii juu, ile juu. Nikamshauri aandike tarehe tu. Akasema mtu kama yule hazikwi bila neno. Akapeleka ya marehemu.

Jumapili ikapita. Jumatatu don Evaristo akadai supu ya maboga, akalalamika haina chumvi. Jumanne akapiga simu kuuliza kitabu chake kiko wapi, maana anakitaka leo, kesho haiamini.

Ndipo tukakimbilia kiwandani. Baldomero alijifuta wino mikononi, akatueleza kwamba vitabu vimeshonwa, na ukurasa ule hauchaniki: ukiuvuta, mwenzake wa upande wa pili wa uzi unalegea. Angeweza kubandika kikaratasi juu yake, lakini si kabla ya Jumatatu.

"Au mwombeni mzee atusaidie kidogo," akasema, "kitabu kiwe sahihi."

Herminia hakucheka. Alichukua nakala moja, akatoka.

Ndani ya basi la kwenda hospitalini alikikumbatia kitabu kifuani, na nje ilikuwa baridi ya kukata. Nikamwambia huenda mzee asifike ukurasa wa mwisho, wazee husoma shairi moja wakalala. Akanijibu kwamba don Evaristo ujanani alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji. Watu wale huanzia mwisho, kwenye maneno ya tamati.

Tulimkuta ameegemea mito, hana miwani. Mpwa wake alikuwa ameipeleka kutengenezwa. Nilishusha pumzi. Mzee akapapasa jalada, akanusa karatasi, akasema heri miwani haipo, asije akaona tulivyomharibia. Kisha akamrudishia Herminia kitabu.

"Nisomee pale mwisho, binti yangu. Pale unapoandika wewe. Hawa wengine wote waongo, na mimi wa kwanza."

Herminia akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akaanza, na nikayatambua maneno ya ile karatasi nyingine, iliyobaki mezani: kilimalizika kuchapwa Jumanne, kwa mtambo wa Baldomero, kwa heshima ya Evaristo Urquizu, aliye hai na mbishi bado. Sauti yake ilikuwa imetulia vizuri. Mzee akatabasamu. Kisha akanyoosha mkono taratibu, akapapasa kitabu mapajani mwa Herminia.

"Mbona unasoma kitabu kimefungwa?"

Nikatazama dirisha. Herminia alikifungua kitabu, akashika kidole cha mzee, akakiweka juu ya mstari.

"Hapa pameandikwa umekufa, don Evaristo," akasema, kwa sauti iliyonifikia kwa shida. "Niliandika mimi."